UZI: Vigezo vya kusoma uzamili wa uboreshaji wa mimea na jenetiki, kwa mtu aliyeko Kigoma na hana mjomba

Mha wa Makere (mwanzisha uzi)

Mwakeye wakuu, na wa Tabora mwangaluka.

Mimi ni afisa ugani huku Kasulu vijijini, kata ambayo mtandao unashika ukisimama karibu na mwembe wa shule. Nina shahada ya agronomia, GPA 3.2. Takwimu nilipata B, jenetiki C, na hiyo C ndiyo inayonikosesha raha. Nataka kusoma uzamili wa uboreshaji wa mimea na jenetiki, ile tuliyozoea kuiita bridingi chuoni.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema bila GPA ya 3.5 usijisumbue. Mwingine anasema lazima uwe umesoma bayoteknolojia. Wa tatu kaniambia kinachotakiwa ni kumjua mtu. Naomba waliopita huko waniambie wanachotaka hasa ni nini, ndani ya nchi na nje.

Kilichonisukuma ni michikichi. Wakulima wangu wanaokota mbegu chini ya mchikichi wa tenera (ile chotara yenye kifuu chembamba na nyama nyingi) wa jirani, wanasia, wanahamishia shambani, na ikianza kuzaa shamba lina kila sura. Mmoja una nyama nene, mwingine kifuu kitupu, mwingine hauzai kabisa. Wananiuliza kwa nini, nami najibu "nunueni mbegu bora". Nimechoka kutoa jibu hilo.

Kijiti cha Uyui

Natandika mkeka hapa. Hili swali nimelibeba muda mrefu.

Bei ya Gunia

Mkuu, kwa heshima zote, bridingi ya nini? Mkulima wa Kigoma anataka barabara na bei. Mbegu bora zipo na zinaoza ghalani. Wewe kasome mambo ya masoko au ushirika, utarudi na kitu cha kumsaidia. Wenye bridingi nchi hii wanagombania viti vichache vya TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, na aliyekaa haondoki mpaka astaafu.

Mzee Mise

Bei ya Gunia, hoja ya ajira tutairudia, usiende mbali. Kwanza tumjibu kijana alichouliza.

Mdogo wangu Mha, hilo la GPA linatisha watu bure. Vyuo vyetu vinahesabu kwa skeli ya 5. Daraja la pili la chini linaanzia 2.7 na kuishia 3.4, la pili la juu linaanzia 3.5. Mlango wa kawaida wa uzamili hapa Tanzania ni hiyo 2.7, kwa hiyo 3.2 yako imeshaingia ndani. Aliyekutajia 3.5 hakuzusha, amechanganya chuo na mfadhili. Wapo wafadhili, kama wale wa Commonwealth wanaopeleka watu Uingereza, wanaotazama daraja la pili la juu. Unaweza kupokelewa na chuo ukakataliwa na mwenye fedha, na kinyume chake.

Kuhusu shahada ya kwanza, agronomia ndiyo njia kuu. Aliyesoma sayansi ya mazao, bustani, botania, bayolojia au bayoteknolojia anakaribishwa pia. Hata mwalimu wa bayolojia na kemia nimeona akipokelewa, ila aliambiwa akae kwanza kwenye masomo ya msingi ya mazao.

Sasa hiyo C. Kamati ya idara ikifungua transkripti yako haiishii kwenye jumla ya chini. Inatafuta masomo matatu: jenetiki, takwimu pamoja na upangaji wa majaribio ya shambani, na fiziolojia ya mimea. C ya jenetiki haikufungii mlango, ila inauliza swali, na swali likiulizwa lijibiwe. Kwenye barua ya maombi weka sentensi moja tu: umefanya nini tangu wakati huo kuhusu jenetiki. Kozi fupi ya mtandaoni yenye cheti inatosha kuanzia, jaribio ulilosimamia shambani linatosha zaidi. Usiombe radhi kwa aya nzima, inachosha msomaji.

Takwimu unayo B, ing'ang'anie. Watu wanadhani bridingi ni maabara na makoti meupe. Kazi kubwa ni kupima, kuhesabu na kutupa. Umeona mihogo miwili, mmoja una mizizi kama paja na uko karibu na zizi la ng'ombe. Unene ule ni wa ukoo wake au ni wa samadi? Swali hilo moja ndiyo fani yote. Tofauti unayoiona shambani ina sehemu ya vinasaba na sehemu ya mazingira, na kiwango cha urithi ni sehemu ya vinasaba ikigawanywa kwa tofauti nzima. Ukichagua mmea kwa sababu ya samadi, watoto wake watakuaibisha mwaka ujao. Ndiyo maana tunarudia kila aina kwenye vipande vingi vya shamba na kwenye maeneo tofauti. Pakua programu ya R, ni ya bure, anza nayo leo kabla hata hujapata chuo. Mwanafunzi anayefika bila kujua uchambuzi wa variansi, ile hesabu ya kutenganisha tofauti hizo, anahangaika muhula mzima.

Hayo yote yameandikwa kwenye tovuti za vyuo. Lisiloandikwa vizuri ni msimamizi. Uzamili wenye utafiti unahitaji mhadhiri aliye tayari kukupokea, mwenye mradi, na mwenye shamba au maabara ya kukuweka. Maombi mengi yanakufa hapo, na mwombaji akikataliwa anasingizia GPA. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "chuo gani kizuri". Anza kwa kuuliza "zao gani, tatizo gani", halafu tafuta nani analifanyia kazi. Chuo kitajitokeza chenyewe.

Na huyo aliyekwambia umjue mtu, kasema kweli nusu. Umjue kwa kusoma kazi zake.

Binti Ujiji

Shikamoo Mzee Mise. Kaka Mha, niongezee ya kwangu maana nimepita Makerere, uzamili wa uboreshaji wa mimea na mifumo ya mbegu. Programu ile ilianza 2008 chini ya mwavuli wa RUFORUM, umoja wa vyuo vya Afrika vinavyofundisha kilimo, na ilianzishwa makusudi kwa ajili ya wanafunzi wa nchi nyingi, hivyo Mtanzania haonekani mgeni. Ni miaka miwili, wa kwanza darasani na wa pili utafiti.

Darasani utakutana na jenetiki ya sifa za kiasi (mavuno, urefu, vitu vinavyoongozwa na jeni nyingi kwa pamoja), bayometria (takwimu za viumbe hai), uboreshaji wa ukinzani dhidi ya magonjwa na ukame, alama za vinasaba, na mifumo ya mbegu. Hilo la mwisho wengi hulidharau, mimi ndilo lililonisaidia kazini. Unaweza kutengeneza aina nzuri kuliko zote, isipomfikia bibi wa Kalinzi kwa bei anayoiweza ni karatasi tu.

Nyaraka nilizotakiwa kutoa: vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada na transkripti, wasifu, pasipoti, barua za wadhamini wa kitaaluma, na andiko fupi la utafiti la kurasa chache. Hapo kwenye wadhamini sikia. Watu wanampelekea mkurugenzi wa halmashauri aandike kwa kuwa ana muhuri mkubwa. Mkurugenzi atasema wewe ni mwadilifu na unawahi kazini. Kamati inataka mtu aliyekufundisha au aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho, aseme kama una kichwa cha utafiti. Mmoja awe mhadhiri, mwingine awe bosi wako wa kazi, hapo umekamilika. Na mhadhiri mtafute mapema, umkumbushe wewe ni nani, umpe transkripti na andiko lako aandike kwa kulitazama.

Fedha: angalia ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, kwa wanaosoma ndani ya Afrika. Wana sharti ambalo wafanyakazi wengi hulikuta wamechelewa, shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Wewe umemaliza lini? Na dada zangu mnaosoma kimya kimya, ombeni, wanawahimiza wanawake waombe.

Halafu msihesabu ada peke yake. Vibarua, mbolea, usafiri wa kwenda shambani kila wiki, kupeleka sampuli za majani maabara, vyote vinataka hela. Uliza kabla hujasaini: fedha ya utafiti inatoka wapi?

Mnyoo Fundo

Nipo Tabora, nafanya vibarua vya majaribio ya tumbaku maeneo ya Tumbi. Nina stashahada ya kilimo niliyoipata hapohapo Tumbi. Kuhasi ua la tumbaku na kulivisha mfuko nafanya huku naongea na simu. Mbegu za tumbaku zenyewe gramu moja tu inapita elfu kumi, ukipiga chafya umepoteza ekari. Je, kwa uzoefu huu siwezi kuruka moja kwa moja kwenye uzamili?

Mzee Mise

Huwezi, kijana wangu, na asikudanganye mtu. Kwa mfumo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, stashahada ni ngazi ya 6, shahada ni ya 8, uzamili ni wa 9. Hakuna ngazi ya kurukia. Kama stashahada yako ina GPA ya 3.0 na kidato cha nne una ufaulu wa masomo manne, omba shahada ya kwanza SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, au kwingineko kunakofundishwa kilimo. Lakini mikono hiyo usiidharau. Wapo wenye shahada mbili hawajui ua linafunguka saa ngapi. Siku utakapofika uzamili, utawaacha wenzako wakiharibu maua.

Kijiti cha Uyui

Mnyoo Fundo, bridingi ya tumbaku ina wafadhili kweli?

Mnyoo Fundo

TORITA, taasisi ya utafiti wa tumbaku, ipo hapa na kazi ni nyingi, minyoo fundo inayoshambulia mizizi peke yake ni ajira ya kudumu. Ila skolashipu nyingi za kilimo nilizoona zinataka chakula na lishe. Ukiandika tumbaku wanakuangalia kama umewaletea sigara mezani. Mimi nikifika huko nitaandika karanga, Tabora tunalima karanga tangu mababu.

Mtoto wa Mwanga

Wakuu salamu kutoka Marekani, mimi ni wa Mwanga pale Kigoma mjini. Niseme ya huku.

Vyuo vingi vya huku vinataka wastani wa 3.0 kwa skeli ya 4. Usichukue 3.2 yako ukaipigia hesabu ya kugawanya na 5 kisha kuzidisha na 4, utajishusha bila sababu. Tuma transkripti kama ilivyo, pamoja na ule ukurasa wa nyuma unaoeleza madaraja yenu, wao wana watu wa kuitafsiri. Mtihani wa GRE idara nyingi zimeuacha, lakini soma ukurasa wa idara yenyewe, siyo wa chuo kizima. Kiingereza: TOEFL au IELTS, na IELTS mara nyingi ni 6.5. Baadhi ya vyuo, hasa vya Ulaya na Afrika Kusini, vinapokea barua ya chuo chako kwamba umefundishwa kwa Kiingereza. Iombe barua hiyo uwe nayo. Kuna mitihani ya kufanyia nyumbani, lakini kwa mtandao wa chini ya mwembe sikushauri.

Huku uzamili wa bridingi kwa kawaida haulipiwi na mwanafunzi mwenyewe. Profesa mwenye mradi anakuajiri kama msaidizi wa utafiti, ada inalipwa na unapewa posho. Maana yake unamwandikia profesa kabla ya kuomba chuo. Mwisho wa maombi ni Desemba au Januari kwa masomo ya Agosti, basi Agosti hii au Septemba uwe umeshaanza kuandika barua pepe. Fupi: aya moja wewe ni nani, aya moja umesoma kazi yake ipi na imekugusa wapi, aya moja unataka kufanya nini. Usitume barua ileile kwa maprofesa hamsini ikiwa na jina la mwingine juu. Wanaonyeshana, wanacheka.

Ulaya tazameni emPLANT, ni uzamili wa bridingi chini ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, unasoma vyuo viwili vya nchi tofauti, krediti 120 kwa miaka miwili. Ukipata nafasi yao ya ufadhili wanakupa euro 1,400 kwa mwezi. Ushindani mkali, siwafichi. China nayo ina ufadhili wa serikali, kwa uzamili wanataka uwe chini ya miaka 35.

Na mawakala wanaowaomba laki kadhaa "kuwashughulikia", achaneni nao. Fomu ya maombi ni yako, unaijaza mwenyewe.

Bei ya Gunia

Sawa, mmemjaza mtu matumaini. Hamjajibu ajira.

Binti Ujiji

Tunakujibu. TARI siyo kiti kimoja. Kihinga hapa Kigoma wana michikichi, Tumbi wako Tabora, Ukiriguru pamba na mihogo, Naliendele korosho na ufuta, Maruku migomba, Dakawa mpunga. Ukitoka hapo kuna Wakala wa Mbegu, kuna TOSCI wanaokagua na kupima aina mpya kabla hazijaruhusiwa, kuna kampuni za mbegu zinazotafuta watu wa kusimamia majaribio, kuna vituo vya kimataifa kama IITA, kuna vyuo. Na tangu sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya 2012, na Tanzania kuingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, 2015, aina ya mmea ina mwenyewe kisheria, kwa hiyo kuna kazi za kuandika maelezo ya aina, kuthibitisha kwamba ni tofauti na nyingine, inafanana yenyewe kwa yenyewe na haibadiliki. Hiyo ni kazi ya mtu wa bridingi, siyo ya wakili.

Nafasi si nyingi, nakubali. Lakini Kaka Mha ana ajira tayari.

Bei ya Gunia

Barabara bado haijajengwa. Naendelea kusoma.

Gamba Jembamba

Nirudi kwenye michikichi ya mwanzisha uzi, maana ndipo penye utamu. Jibu lako ni la Mendel, darasa la kidato cha nne. Unene wa kifuu unaongozwa na jeni moja. Dura ina nakala mbili za kifuu kinene, pisifera haina kifuu, na tenera ni mtoto wao, ana nakala moja ya kila upande, kifuu chembamba na nyama nyingi. Ilionyeshwa 1941 ng'ambo ya ziwa hapo, Kongo ya Wabelgiji, na Beirnaert na Vanderweyen. Sasa tenera kwa tenera inatoa robo dura, nusu tenera, robo pisifera, na pisifera kwa kawaida mashada yake yanaharibika kabla ya kuiva. Kwa nafasi ya mita 9 za pembetatu hekta inabeba miti 143, ekari kama 57. Basi mkulima wa Mha anapanda 57, kama 14 havimpi kitu, 14 ni dura, na 28 tu ndiyo alichokitaka. Analisha mbolea yote 57.

Mzee Mise

Hesabu yako ni safi, Gamba, lakini umeifanya kwenye ubao. Njoo shambani Kasulu au Mwandiga. Mchikichi maua yake ya kike na ya kiume hayafunguki pamoja kwenye mti mmoja, kwa hiyo karibu kila mara baba ni mti mwingine. Huyo baba ni nani? Miti ya zamani ya Kigoma, ile iliyokuwapo kabla ya tenera kuanza kusambazwa, ni dura. Tenera ikichavushwa na dura inatoa nusu dura na nusu tenera, pisifera hakuna. Ikiwa imezungukwa na tenera wenzake kwenye shamba jipya, hapo ndipo hesabu yako ya robo inasimama. Kati ya hizo mbili kuna mashamba ya kila aina.

Mha, ulisema mingine haizai kabisa. Mashamba hayo yenye miti tasa, mbegu ziliokotwa wapi? Kwenye tenera ya upweke katikati ya dura, au kwenye shamba la tenera tupu?

Mha wa Makere

Mzee, umenigusa. Wenye miti tasa wengi waliokota kwenye shamba moja lililopandwa tenera lote, lile la baada ya kampeni ya serikali ya 2018. Wanaookota kwa jirani mwenye mti mmoja wanalalamikia kifuu kinene tu.

Basi nimeamua. Andiko langu litakuwa la kutengeneza aina mpya ya mchikichi ya Kasulu, mfupi, wenye mafuta mengi, unaostahimili ukame. Nitachanganya dura wetu wa asili na pisifera ya Kihinga.

Binti Ujiji

Kaka, hilo ni andiko la miaka ishirini. Uzamili ni miaka miwili, na shambani unao mwaka mmoja tu, pengine msimu mmoja.

Hesabu mwenyewe. Ukichavusha leo, tunda linaiva baada ya miezi mitano hadi sita. Mbegu ina usingizi, inatakiwa ipashwe joto la nyuzi kama 40 kwa wiki kadhaa ndipo iote. Kitalu karibu mwaka. Shambani unasubiri miaka mitatu hivi ione shada la kwanza, na shada la kwanza halikwambii lolote la maana kuhusu mavuno. Msimamizi akisoma andiko hilo atajua hujawahi kusimamia jaribio, ataliweka pembeni hata kama GPA ni 4.5.

Mhogo nao unataka miezi kumi na miwili. Mvua za Kigoma zinaanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei. Ukichelewa kupata vibali ukapanda Januari, umepoteza mwaka, na mfadhili hakuongezei. Niliona wenzangu wakiingia mwaka wa tatu kwa sababu hiyo tu. Maharage yana nafuu, miezi mitatu umevuna, na yale ya njano ya Kigoma yanajulikana mpaka Dar.

Mzee Mise

Binti kasema yote. Niongeze mfano ili kijana asikate tamaa. Mihogo inayostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia tuliyonayo ina asili yake kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Mtafiti Storey aliueleza ugonjwa huo 1936, wakaanza kuchanganya mhogo na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceará, halafu wakarudisha kwa mhogo tena na tena mpaka mizizi ikalika. Mmoja wa vizazi vile ndio Namikonga, na watafiti wanautumia hadi leo kama chanzo cha ukinzani. Walioanza si waliomaliza. Mwanafunzi wa uzamili anachukua kipande kimoja cha safari ya namna hiyo, anakifanya vizuri, anaandika, anaondoka.

Kipande chako, Mha, kiko mbele ya macho yako na umekieleza mwenyewe jana. Jeni ya kifuu ilitambuliwa kwa usahihi wake 2013. Tangu hapo jani la mche linaweza kupimwa, ukajua ni dura, tenera au pisifera mche ukiwa bado kwenye kiriba, kabla mkulima hajasubiri miaka mitatu. Kwa macho huwezi, mpaka ukate tunda kwa kisu. Sasa swali: miche inayouzwa na kupandwa Kasulu, Buhigwe na Kigoma vijijini, ngapi ni tenera kweli? Na uwiano unabadilikaje kufuatana na chanzo cha mbegu, kitalu rasmi, tenera ya upweke, shamba la tenera? Sampuli za majani hazingoji mvua. Matokeo unayo ndani ya mwaka. Mkulima anapata jibu, Kihinga wanapata ramani ya tatizo, na wewe una jenetiki, takwimu na mfumo wa mbegu ndani ya andiko moja. Ile C yako itajibiwa na andiko lenyewe.

Gamba Jembamba

Hiyo nilikuwa nataka niiandike mimi. Mzee umeigawa bure.

Mzee Mise

Wewe chukua Uvinza.

Mha wa Makere

Wakuu, nimepata hata pumzi. Naanzia wapi wiki hii? Na kazini nifanyeje, nisije nikapata nafasi nikanyimwa ruhusa.

Binti Ujiji

Kazini kwanza. Uwe umeshathibitishwa kazini, na jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Wanaoomba ruhusa barua ya chuo ikiwa mkononi na jina halimo kwenye mpango ndio wanaokwama. Zungumza na mkuu wa idara yako ya kilimo sasa hivi, kabla ya bajeti, na umwonyeshe hilo wazo la michikichi. Ni zao la mkoa, atalipenda.

Halafu anza daftari. Kila mkulima aliyepanda mbegu za kuokota: aliokota wapi, mti mama uko katikati ya miti gani, alipanda mwaka gani, imezaa mingapi. Yenye matunda omba tunda moja moja kwa kila mti, kata, piga picha kifuu pamoja na rula. Usipime chochote cha maabara bado. Ukimwandikia msimamizi ukiwa na jedwali la mashamba halisi, hutakuwa sawa na mwombaji anayesema "napenda sana kilimo".

Mzee Mise

Na Kihinga nenda na barua ya kupitia halmashauri, usiende kama mpita njia. Waombe wakuonyeshe wanavyofunika ua la dura na kupuliza chavua ya pisifera. Ukiliona mara moja, andiko lako litaandikika.

Kijiti cha Uyui

Samahani kurudi nyuma. Ile miaka sita ya DAAD inahesabiwa kuanzia kujiunga au kuhitimu?

Binti Ujiji

Kuhitimu shahada ya mwisho. Tazama tarehe kwenye cheti chako.

Kijiti cha Uyui

Nimebakiwa na mwaka mmoja na kidogo. Mnyoo Fundo, hizo karanga zako za Tabora umeshampa mtu, au tunaweza kukaa Jumamosi tukaongea?

Mnyoo Fundo

Njoo. Ila mimi naanza na shahada ya kwanza, wewe utangulie nazo.